Kazi za Msimu Ufini: Tupige Hesabu Kabla ya Safari



Ndugu wasomaji, kwa miaka mingi mazungumzo ya kazi za ng'ambo katika nyumba zetu yalielekea upande mmoja tu, nao ni Ghuba. Siku hizi limezuka jina jingine. Vijana wetu waliofanya kazi katika hoteli za Diani, Nyali, Watamu na Malindi watumiana matangazo ya kazi za hoteli katika nchi za kaskazini kabisa mwa Ulaya, na jina linalotajwa zaidi ni Ufini, hasa jimbo lake la Lapland. Wazazi watuuliza: je, kazi hizo zipo kweli? Binti yetu aende? Na je, tuuze tulicho nacho ili aende?

Jibu letu la awali ni hili: kazi zipo, na sheria ya nchi hiyo yazitambua. Lakini ni kazi za msimu, na uzito wote wa jambo hili umo katika neno hilo moja. Kazi ya msimu ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Familia inayoiingia kana kwamba ni hijra ya maisha huumia, na familia inayoiingia kama msimu, kwa hesabu na kwa maandishi, yaweza kunufaika. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Lapland ni sehemu ya kaskazini ya Ufini. Mji wake mkuu ni Rovaniemi, uliopo karibu kabisa na mstari wa duara la Aktiki. Watalii huenda huko wakati wa baridi kutazama theluji, kupanda magari ya kuteleza yavutwayo na mbwa au na poro, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi, na kungojea mianga ya rangi inayotokea angani usiku. Msimu huanza mwishoni mwa Novemba, hufurika Disemba kwa wageni wa Krismasi, kisha huendelea hadi Aprili kwa wapendao kuteleza katika vilima vya Levi, Ylläs na Saariselkä. Miezi hiyo hoteli huhitaji watu wengi kwa ghafla: wasafisha vyumba, wapishi, waosha vyombo, wahudumu wa meza, watu wa mapokezi na waongoza wageni. Msimu ukisha, nafasi hizo nazo huisha.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya msimu. Tumelelewa kati ya kaskazi na kusi. Twajua kwamba hoteli zetu huchangamka Disemba hadi Machi, na kwamba masika yakiingia wengine hupewa likizo isiyo na malipo na milango ya baadhi ya hoteli hufungwa. Basi na tulitazame jambo ambalo matangazo hayalisemi: msimu wa Lapland na msimu wetu wa kaskazi huja kwa wakati mmoja. Anayekwenda huko Disemba huiacha hapa miezi yake bora ya mwaka, pamoja na nafasi ambayo huenda asiikute akirudi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi asiende. Twasema kwamba mshahara atakaouacha hapa nao uandikwe katika hesabu, upande wa gharama. Na mwenye kuweza kuchagua ajue kwamba Ufini na jirani zake wana pia msimu wa kiangazi, ambao ni mdogo zaidi Lapland lakini ni mkubwa sehemu nyingine, unaoanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Huo huanza wakati hoteli nyingi za hapa bado hazijapata wageni wake.

Sasa tuje kwenye sheria. Ufini ina sheria maalumu ya wafanyakazi wa msimu iliyoanza kutumika mwaka 2018, na utalii ni miongoni mwa sekta zilizomo. Ikiwa kazi haizidi siku 90, Mkenya huomba viza ya kazi ya msimu. Ikizidi hapo, huomba kibali cha ukaazi cha kazi ya msimu, ambacho hakivuki miezi 9 katika kila miezi 12. Vibali hivyo husimamiwa na Idara ya Uhamiaji ya Ufini, ijulikanayo kama Migri, na nchi hiyo ina ubalozi wake Nairobi. Mambo matatu yafaa yakaririwe mpaka yashikwe. La kwanza, ahadi ya kazi hutangulia, kibali hufuata. Hakuna kibali cha msimu cha kwenda kutafuta kazi. La pili, viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi ya hoteli; atakayekwambia "ingia kwanza kama mtalii, mengine tutayapanga huko" akuingiza katika kosa ambalo utalijibia wewe. La tatu, kibali cha msimu hakimpi mtu haki ya kumleta mume, mke wala watoto. Anayekwenda, huenda peke yake.

Yafaa pia tuseme ukweli kuhusu ushindani. Waajiri wa Lapland waweza kuwachukua vijana kutoka nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya bila kibali chochote. Mwajiri atakayekubali karatasi na kungojea ili amchukue mtu wa Mombasa, hufanya hivyo kwa sababu ameona ujuzi: miaka katika jiko la hoteli kubwa, vyeti vya chuo cha hoteli, Kiingereza cha kumhudumia mgeni bila kusitasita, barua za waajiri waliotangulia. Tangazo linalosema "hapahitajiki ujuzi, hapahitajiki lugha, safari ni mwezi ujao" halifanani na hali hiyo, na lisomwe kwa shaka.

Hapa ndipo tufikapo kwenye jambo linalozivunja nyumba nyingi, nalo ni fedha za kutangulia. Kwa sheria ya Ufini, mtafuta kazi hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Gharama hiyo ni ya mwajiri. Ada ya serikali ya kibali ni jambo jingine: hiyo hulipwa kwa serikali yenyewe, na mwombaji hupata risiti yake. Basi mtu akija barazani kwenu akadai fedha nyingi "za nafasi", "za kuharakisha" au "za mkataba", tayari amekwisha kujieleza alivyo. Kwa upande wa Kenya, mawakala wa ajira hutakiwa wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na mwananchi ana haki ya kuuliza huko kama wakala fulani yumo katika orodha. Aidha, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa kazi, ambaye hujiridhisha kwamba mfanyakazi ameuelewa na ameukubali bila kulazimishwa wala kudanganywa. Ofisi ya kazi ipo Mombasa. Kwenda huko kuuliza hakuhitaji kuuza dhahabu ya mama.

Tusidhani kwamba Ufini, kwa kuwa ni nchi yenye sifa ya uadilifu, haina wadhalimu. Kwa miaka mingi watu kutoka Thailand walikuwa wakienda huko kila kiangazi kuchuma matunda mwitu msituni. Wengi wao walikopa kwao ili walipie nauli, wakafika wakiwa tayari na deni la safari, la chakula na la malazi. Mwaka 2022 polisi wa Ufini walianza uchunguzi wa usafirishaji haramu wa watu katika biashara hiyo. Funzo lake kwetu li wazi: anayefika na deni hawezi kukataa lolote, maana kukataa ni kurudi mikono mitupu kwa wanaomdai. Deni humfunga mfanyakazi hata katika nchi yenye sheria nzuri.

Mkataba ukifika, usisomwe na kijana peke yake usiku kwenye simu. Ukae mezani, usomwe na familia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu wafanyakazi wa msimu yataka mkataba au ahadi hiyo itaje mahali pa kazi na aina yake, muda wake, ujira, saa za kazi kwa wiki au kwa mwezi, na likizo ya malipo. Lililo muhimu kuliko yote katika hayo ni saa. Ufini kuna mikataba inayoandika saa "kuanzia 0", maana yake mwajiri aweza kukuita leo na asikuite kesho. Ujira mzuri wa saa moja hauna faida kwa mtu aliyepewa saa 10 kwa wiki. Tafuteni mkataba unaotaja idadi ya chini ya saa zilizo dhamana. Kazi kamili katika hoteli huko ni wastani wa saa 37.5 kwa wiki.

Ufini haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na bunge. Ujira hupangwa na mkataba wa pamoja baina ya waajiri na chama cha wafanyakazi, na ule wa hoteli na mikahawa huwafunga hata waajiri wasio wanachama. Kazi ya Jumapili hulipwa maradufu kwa sheria. Chama cha wafanyakazi wa huduma huitwa PAM, na viwango vya sekta hiyo huchapishwa, hivyo mtu aweza kuulinganisha mkataba wake navyo kabla hajatia saini. Kuhusu malazi, sheria hiyo ya Umoja wa Ulaya yasema kwamba mwajiri akitoa nyumba, pango lisiwe kubwa kupita kiasi likilinganishwa na mshahara na hali ya nyumba yenyewe, lisikatwe moja kwa moja kutoka kwenye mshahara, na mfanyakazi apewe hati ya upangaji. Ulizeni: ni chumba cha watu wangapi? Wanaume na wanawake wamepangwaje? Jiko lipo? Ni umbali gani hadi kazini, na usafiri ni wa nani?

Sasa tupige hesabu. Tarakimu za mshahara na matumizi hapa ni za mfano tu. Kila familia iweke zake. Ila kanuni ya kodi ni ya kweli: anayekaa Ufini kwa muda usiozidi miezi 6 hukatwa kodi ya asilimia 35, baada ya kuondolewa euro 510 kwa mwezi zisizotozwa kodi. Nafuu hiyo haiji yenyewe. Lazima iombwe katika ofisi ya kodi na iandikwe katika kadi ya kodi anayopewa mwajiri. Anayekaa zaidi ya miezi 6 huhesabiwa kwa kanuni nyingine, ile ya wakaazi, ambayo huwa nyepesi kwa mishahara midogo.

Tuseme mshahara ni euro 2,000 kwa mwezi. Ondoa 510, zabaki 1,490 za kutozwa kodi. Asilimia 35 ya hizo ni 521.50. Mfanyakazi abaki na 1,478.50. Kuna michango ya pensheni na ya bima ya ukosefu wa kazi, tuseme 160. Zabaki 1,318.50. Pango la chumba tuseme 400, zabaki 918.50. Chakula na mahitaji madogo tuseme 250, zabaki 668.50. Hicho ndicho kiasi cha kuweka au kutuma nyumbani kila mwezi.

Kwa miezi 3, jumla ni euro 2,005.50. Sasa toa gharama za kwenda: tiketi ya kwenda na kurudi, ada ya kibali, bima, safari za Nairobi, nguo na viatu vya baridi kali. Tuseme zote ni 1,500. Faida ya msimu mzima ni euro 505.50. Kwa miezi 5, akiba ni 3,342.50, na faida ni 1,842.50. Na ikiwa wakala alichukua euro 2,000 "za nafasi", basi aliyekaa miezi 3 amerudi na hasara ya 1,494.50, na hata aliyejitahidi kwa miezi 5 amerudi na hasara ya 157.50. Amefanya kazi ya wakala, si ya watoto wake. Bado hatujatoa mshahara ambao angeupata hapa pwani katika miezi hiyo hiyo. Karatasi hii ya hesabu ndiyo itakayowaambia kama safari ni ya heri, kabla ya shamba kuuzwa na kabla ya pesa za chama kukopwa.

Tuje kwenye mambo ya dini, ambayo kwa familia zetu hayatenganishwi na riziki. Mikahawa ya huko huuza pombe, na nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida jikoni. Kazi ya kusafisha vyumba au ya kufua si sawa na kazi ya baa. Ziko pia kazi za kuvaa mavazi ya wasaidizi wa Baba Krismasi na kuigiza mbele ya watoto wa wageni. Basi swali "kazi ni hoteli" halitoshi. Ulizeni kwa maandishi mikono yake itashika nini. Mwajiri akijua mapema, huweza kumpanga mtu mahali panapomfaa, na ikiwa hawezi, ni bora lijulikane ukiwa bado Likoni kuliko ukiwa umefika kwenye theluji. Sheria ya Ufini yakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na kuuliza habari ya hijabu na sare ya kazi si utovu wa adabu.

Swala nayo yahitaji maandalizi. Rovaniemi, katika siku fupi kabisa za Disemba, jua huonekana kwa saa mbili hivi, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hukaribiana sana. Utsjoki, kwenye ncha ya kaskazini, jua halichomozi kabisa kwa siku zipatazo 50. Wanazuoni wamelizungumza jambo la nchi za namna hiyo na njia za kukadiria nyakati. Msafiri akamuulize mwalimu wake kabla ya kuondoka, asingoje achanganyikiwe huko. Ramadhani ya mwaka 2026 yaangukia Februari na Machi, miezi ambayo mchana wa Lapland bado ni mfupi kuliko wetu au wakaribiana nao, kwa hiyo urefu wa saumu si tatizo. Tatizo ni zamu ya kazi inayoangukia saa ya futari. Uislamu si mgeni Ufini: Watatari Waislamu, waliofika kama wafanyabiashara, walisajili jumuiya yao huko mwaka 1925. Lakini jumuiya kubwa zipo Helsinki na miji ya kusini, na kutoka Helsinki hadi Rovaniemi ni zaidi ya kilomita 800. Anayekwenda Lapland ajiandae kwa upweke.

Kina mama, neno hili la mwisho ni lenu hasa. Wengi wanaofikiria kazi hizi ni wanawake wenye watoto, na baadhi yao ndio nguzo pekee za nyumba. Kabla ya safari na yajibiwe haya, mbele ya wazee wa pande zote mbili: watoto watalala kwa nani, na huyo amekubali kwa hiari? Fedha zitatumwa kwa mkono wa nani, na zitafanya kazi gani iliyoandikwa? Suala la mwanamke kusafiri na kukaa peke yake, familia imelipeleka kwa mwanazuoni wao? Nakala za pasipoti, kibali na mkataba zimebaki nyumbani? Msafiri ajue kwamba pasipoti ni yake, haikai kwa mwajiri. Kwamba nambari ya dharura ya Ufini ni 112. Na kwamba tangu mwaka 2021 sheria ya huko yampa mfanyakazi aliyedhulumiwa vibaya na mwajiri nafasi ya kuomba kibali kingine ili atafute kazi kwingine. Hofu ya kufukuzwa nchini isimfanye anyamaze.

Kwa anayekusudia kwa dhati, njia yenyewe si ya siri. Waajiri wa Lapland hutafuta watu wa msimu wa baridi mapema, tangu majira yetu ya masika hadi mwisho wa kusi. Nafasi hutangazwa na hoteli zenyewe, na pia katika huduma ya ajira ya serikali ya Ufini iitwayo Työmarkkinatori. Andika barua kwa hoteli moja kwa moja, weka ujuzi wako wa kweli, omba mazungumzo ya ana kwa ana kwa njia ya video, kisha hakikisha kwamba aliyezungumza nawe ni wa hoteli hiyo kweli. Anayetaka kazi ya jikoni ajue kwamba Ufini wana cheti cha usafi wa chakula, ambacho wanaoshika chakula kisichofungashwa na kinachoharibika upesi hutakiwa wawe nacho. Kujifunza maneno machache ya Kifini ni heshima kwa wenyeji na ni faida kwako.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kazi ya msimu, kwa tabia yake, marejeo yamo ndani yake tangu siku ya kutia saini. Basi heri ya safari hii isipimwe kwa picha za theluji zitakazotumwa, bali kwa hali ya nyumba siku ya kurudi: kama deni halipo, kama watoto wametunzwa, na kama aliyerudi ana ujuzi na akiba aliyoikusudia. Familia ikiona kwenye karatasi kwamba hayo yanawezekana, imwage msafiri wake kwa dua. Ikiona hayawezekani, kukaa si kushindwa.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, karibu na mbali, na awarejeshe salama wote walio safarini. Amin. Wabillahi tawfiq.